Kwanza tafuta kilicho sawa

Juzi dada mmoja wa Arua, Uganda, aliniandikia: "Kaka, mtoto wangu yuko S2 (kidato cha pili), hesabu za mwendo zinamliza. Kanuni anaijua, jibu halitoki." Nikajiona mimi mwenyewe.

Nami nikiwa S2 niliitwa ubaoni. Swali: basi limetoka Kampala kwenda Jinja kwa kilomita 40 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 80 kwa saa. Safari yote saa 3. Umbali ni upi? Nikajumlisha 40 na 80, nikagawanya kwa 2, nikapata 60. Mara 3 ni 180, nusu yake 90. Nikaandika 90 kwa tarakimu kubwa. Mwalimu akacheka, darasa zima likamfuata, akasema nikapigie abiria kelele kwenye stendi ya teksi. Chaki ilivunjikia kiganjani mwangu. Mpaka leo inaniuma, maana hakunionyesha nilipokosea.

Nilikosea hapa: mwendo wa 40 ulikula saa 2, ule wa 80 saa 1 tu, nami nikaufanya muda kuwa sawa. Kilicho sawa ni umbali. Kwa hiyo uite d. Muda ni umbali kugawanya kwa mwendo: kwenda ni d/40, kurudi d/80, jumla saa 3. Zidisha pande zote kwa 80: 2d + d = 240, d ni 80. Na kweli, Jinja iko kilomita kama 80 kutoka Kampala. Hayo niliyagundua peke yangu, likizo nzima na daftari moja, na leo watoto wa mtaani kwetu wanakuja kwangu kila jioni.

Kufukuzana ni vilevile. Lori limetoka Kampala kwenda Masaka saa 1 asubuhi, 40 kwa saa. Teksi ikafuata saa 1 na nusu, 60 kwa saa. Muda wa lori uite t. Zinapokutana umbali ni sawa: 40t = 60(t − ½). Nusu saa iandikwe ½, si 30! t ni saa 1 na nusu. Zinakutana saa 2 na nusu, kilomita 60 kutoka Kampala, kabla ya Ikweta pale Kayabwe.

Wazazi, acheni kununua vijitabu vya majibu. Kaeni na mtoto, mwulizeni: hapa kipi ni sawa? Asishike kalamu kabla hajajibu. Walimu nanyi, anayekosea ubaoni mwonyesheni mstari aliopotelea.

Dada, akikwama tena nitumie picha ya daftari lake. Nataka kuona mstari wa kwanza alioandika.