Unameza prednisolone kwa ajili ya baridi yabisi? Soma hii kwanza

Huku Mbeya, mwezi wa sita ukiingia kila mtu analalamikia viungo. Lakini vidole vikivimba mikono yote miwili, na asubuhi vikakakamaa kwa zaidi ya saa nzima hadi unashindwa kufunga kifungo cha shati, usisingizie baridi ya Uyole. Nenda hospitali. Inaweza kuwa baridi yabisi. Nami naishi na ugonjwa huu, na naandika hasa kuhusu dawa zake.

Chembe nyeupe za damu huzunguka mwilini muda wote. Ukichomwa na mwiba, sehemu iliyoumia hutoa kemokini, yaani kemikali za kuziita. Ukuta wa mshipa mdogo wa damu hapo hutoa vinatio, yaani protini za kuzinasa. Chembe hupunguza mwendo, hubingirika ukutani, hunasa, kisha hujipenyeza nje kuwafuata vijidudu. Usaha unaouona ni mabaki ya kazi hiyo. Kwenye baridi yabisi wito huohuo hutoka kwenye utando wa kiungo kisicho na kijidudu chochote, na zilizofika huita nyingine.

Prednisolone hupunguza wito na kunasa kwa chembe, ndiyo maana uvimbe hushuka haraka. Kipimo cha damu nacho kinaweza kuonyesha chembe nyeupe zimepanda, kwa kuwa zilizokuwa zimeshika ukuta zimeachia. Kwa hiyo kila anayekutibu, hata kama umeenda kwa jino tu, mwambie unaitumia. Maambukizi pia yanaweza kuja bila homa kali. Mimi nikikohoa wiki mbili sisubiri, naenda kupimwa makohozi. Vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kukaa mwilini miaka mingi vimezingirwa na chembe hizihizi, na dawa nyingine za baridi yabisi, zile za kuzuia TNF (protini inayochochea uvimbe), hulegeza mzingiro huo. Ukiandikiwa hizo, upimwe kifua kikuu kabla.

Usiache prednisolone ghafla eti umepona. Ukiitumia muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana na dawa hii, na ukikatisha unaweza kuzimia. Daktari ndiye apunguze kidogo kidogo.

Methotrexate, dawa nyingine ya baridi yabisi, ni mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Siku yangu ni Jumapili, nimeiandika kwa kalamu nene juu ya boksi. Ukikuta kwenye kibahasha cha dawa wameandika 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, mrudishie mhudumu palepale dirishani aandike jina la siku.