Barua kwa mwanangu: "Kosa langu lilikuwa nini?"

Mwanangu,

Ule ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku, kwamba umekosa nafasi ya kusomea udaktari, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Ya pili nikakikasirikia chuo. Ya tatu ndipo nikasikia ulichouliza: "Mama, nina divisheni wani ya pointi 7, sifa zote ninazo, sasa kosa langu lilikuwa nini? Na nikikosa tena, watu nitawaambia nini?" Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nakukatiza, na mengine haya shangazi yako hana haja ya kuyasikia.

Swali lako la kwanza nimewahi kuulizwa. Mwaka 1998, wewe hujazaliwa, nilikuwa karani mpiga chapa kwenye chuo kimoja cha uuguzi. Maombi yalikuja kwa posta, yakajaa maboksi mawili. Kazi yangu ilikuwa kuwapanga waombaji kwenye orodha moja, wenye alama za juu kwanza. Waliolingana niliwapanga kwa alfabeti, maana hakuna aliyenielekeza vingine. Mkuu wa chuo akaja na rula na kalamu nyekundu, akahesabu hadi 40, akapiga mstari. Bweni lilikuwa na vitanda 40, basi. Namba 40 na namba 41 walikuwa na alama zilezile. Mmoja jina lake lilianza na M, mwenzake S.

Barua ya kuwakatalia ilikuwa moja. Niliikata kwenye stensili, tukazungusha nakala, nikaacha nukta nukta za kujazia jina kwa kalamu. "Tunasikitika kukufahamisha..." Wa 41 alipata barua ileile aliyopata wa mwisho kabisa.

Wiki mbili baadaye yule wa S akaja na baba yake. Walikuwa wamelala stendi. Akasimama mbele ya meza yangu, barua ameikunja mara nne, akauliza, "Dada, kosa langu ni nini?" Orodha ilikuwa kwenye droo, hapohapo chini ya mkono wangu. Nikamwambia, "Jitahidi zaidi mwakani, mdogo wangu." Akashukuru, wakaondoka.

Nilimdanganya. Hakuwa na cha kurekebisha. Nilimtwisha kosa akalibebe hadi kwao kwa sababu niliona aibu kutaja vitanda.

Wewe sikudanganyi. Una B ya kemia, B ya baiolojia na C ya fizikia. Kwenye matokeo ya kidato cha sita pointi chache ndiyo sifa, lakini ukifika kuomba chuo hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3. Wewe una 11. Sifa za chini umezipita, ila sifa za chini zinakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Nafasi za udaktari kila chuo kina idadi yake, na haiongezwi kwa sababu mwaka huu watoto wamefaulu sana. Kuna walimu, kuna maabara, kuna wodi za kujifunzia. Mbele yako wamesimama wenye 13, wenye 14, hata wenye 15. Ile C imekurudisha nyuma kwenye foleni, silifichi hilo. Lakini C ileile, mwaka ambao foleni ni fupi, ingekuingiza. Umekosa nafasi. Usilitafsiri kuwa umekosea.

Halafu kuna hii awamu ya pili ya maombi inayokunyima usingizi. Ule mfumo wa kuomba vyuo kwa pamoja kupitia TCU, tume ya vyuo vikuu, ulioanza 2010 uliachwa 2017, na tangu hapo kila mtu anaomba chuo kimoja kimoja. Mwenye 15 zake anaomba vitatu, anachaguliwa vyote vitatu. Hawezi kusoma kotekote, kwa hiyo anathibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, na kwingine panabaki wazi. Nafasi nyingine za awamu ya pili zinatoka hapo. Unaweza kupata, unaweza kukosa, na kukesha na simu kifuani hakusogezi foleni.

Sasa hao watu. Hao ni wangu, niliwaita mimi. Nimekuita "daktari" tangu uko darasa la tatu, ulipomfunga kuku mguu kwa kitambaa cha jikoni. Nilidhani nakutia moyo. Kumbe nilikuwa najigamba mtaani kwa jina lako. Unisamehe, mama. Ijumaa kwenye kikoba nilisimama nikawaambia awamu ya kwanza hukuchaguliwa. Mmoja akasema pole, mwingine akauliza utafanya nini, nikasema sijui. Kisha wakarudi kwenye mkopo wa mashine ya kusaga, wakabishana saa nzima. Wewe ulichukua dakika moja hivi.

Nimemtumia shangazi yako ada ya maombi ya vyuo viwili, na ya kutolea juu yake. Chagua mwenyewe. Ukiamua stashahada ya utabibu, ile ya miaka 3, ni kazi ya kutibu watu kweli, na wapo waliopandia hapo hadi udaktari. Ukitaka kurisiti fizikia, tutaongea habari ya fedha. Ukichagua kitu ambacho sijawahi hata kukisikia, nitauliza kinasomewa nini, halafu nitanyamaza, nitajaribu. Usiniambie umeomba wapi mpaka uwe umeshatuma.

Na lile begi ulilorudi nalo JKT, lifungue ufue vilivyomo. Shangazi yako anasema linanuka hadi sebuleni.

Mama yako