Maswali Yenu: Anayepasua Nyangumi Alisomea Nini?

Safu iliyopita nilimtaja Joy Reidenberg, profesa wa New York ambaye Januari 2009 alikimbilia Ireland aliposikia nyangumi amekwama na kufa pwani ya kusini, akaingia mzogoni na kisu. Barua zimemiminika. Leo najibu hizi.

*Mtu kama huyo analipwa na nani? (Msomaji, Tanga)*

Analipwa kwa ualimu. Reidenberg anafundisha anatomia katika chuo cha tiba cha Mount Sinai, na wanafunzi wake ni madaktari watarajiwa wa binadamu. Nyangumi ni utafiti wake. Alianzia kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na mwalimu wake Jeffrey Laitman alikuwa bingwa wa koo la binadamu. Sisi tulio wengi katika kazi hii tunakula kwa kufundisha madaktari wa watu au wa mifugo, na sioni hasara yoyote hapo. Aliyezoea koo la mtu kwa vidole vyake ndiye anayeona upesi la pomboo limegeuka wapi.

*Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Niende wapi? (Msichana, Morogoro)*

Mwanangu, uko mlangoni tayari. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo hapo hapo kwenu, na udaktari wa mifugo ni miaka 5. Baadaye fikiria Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Kwa sasa nenda machinjioni, omba koo na mapafu ya mbuzi, uyachore. Uyachore mpaka mkono ukumbuke.

*Ndani ya pomboo kumebaki nini cha kugundua? (Mwalimu, Mombasa)*

Mwalimu, niliwahi kumpasua pomboo jike aliyezama ndani ya jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia, Unguja. Nilipofungua koo nilikuta zoloto imesimama wima kama mdomo wa bata bukini, ncha yake imepenya hadi kwenye njia ya pua na kubanwa na msuli. Chakula hupita pembeni, hewa hupita katikati. Nilivuta kwa nguvu ndipo ikachomoka. Milio yake ya kutafuta samaki haitokei hapo kooni: hutoka kwenye midomo midogo iliyo ndani ya njia ya pua, chini kidogo ya tundu la kupumulia, ikaelekezwa mbele na donge la mafuta lililo kwenye paji la uso. Mwangwi hurudi kupitia mafuta ya taya la chini.

Hao ni wenye meno. Nyangumi wakubwa wasio na meno wameanza kueleweka juzi tu. Mwaka 2024 kundi la Coen Elemans wa Denmark lilieleza jinsi lilivyopuliza hewa kwenye zoloto zilizotolewa kwa nyangumi waliokufa, likaona mkunjo wenye umbo la U ukitetema dhidi ya mto wa mafuta. Kwa hesabu yao, sauti za namna hiyo haziwezi kutolewa kwenye kina cha zaidi ya mita 100 hivi, wala kupita hezi 300, yaani mitetemo 300 kwa sekunde. Basi kwenye kina hicho na mitetemo hiyo hiyo ndipo kelele za meli zilipojaa! Mnyama hana pa kuhamishia sauti yake, na tumelijua hilo kwa kupasua koo.

*Harufu je? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Ni kali. Tabaka la mafuta huzuia joto lisitoke, kwa hiyo nyangumi huoza kuanzia ndani na tumbo hujaa gesi. Ndiyo maana simu ikilia tunaondoka siku ile ile. Harufu hukaa kwenye nywele siku kadhaa, lakini huzoeleka. Yule jike wa Unguja alikuwa na maziwa. Hilo mimi sijalizoea.

*Nimevua miaka 40. Tukikuta pomboo mfu tufanyeje? (Mvuvi, Nungwi)*

Shikamoo mzee wangu. Msimzike kwanza. Mpelekeeni habari sheha na watu wa uvuvi, mpigeni picha kasia likiwa ubavuni ili urefu uonekane, na msiguse majimaji yake mikono mitupu. Mnakumbuka Aprili 2006, mamia walipofia hapo kwenu: waliopasua matumbo hawakukuta mabaki ya chakula, hata midomo ya ngisi, na hilo lisingejulikana kama wote wangefukiwa. Tena nawaomba, msing'oe meno kwa ukumbusho. Jino likikatwa wima huonyesha tabaka, takriban moja kwa kila mwaka, na humo ndimo tunamosoma umri wake.