Padre, hii 25 Desemba ilitoka wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kijana wangu amerudi likizo kutoka chuoni na mambo mapya. Anasema Krismasi ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi, Kanisa liliibatiza tu, na kwamba Yesu hakuzaliwa Desemba. Mwaka jana aligoma hata kula pilau nasi. Mimi ni mama wa jumuiya, kazi yangu kusali, sina la kumjibu. Je, tarehe hii ilitoka wapi?

JIBU: Milele amina, Mama. Kijana nimpe haki yake kwanza: Biblia haitaji tarehe. Luka anatuonyesha wachungaji wakilinda kundi usiku, anatutajia mwezi wa sita wa mimba ya Elisabeti, basi. Na Wakristo wa mwanzo hawakuihangaikia siku hiyo. Mnamo mwaka 200, Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo huko Misri, aliandika kwamba wako waliodai Bwana alizaliwa siku inayoangukia 20 Mei kwa kalenda yetu, wengine 19 au 20 Aprili. Desemba 25 haikutajwa. Baada yake akaja Origene, mwalimu mwingine wa Kikristo, akawakumbusha waamini kuwa katika Maandiko wanaofanyiwa karamu za kuzaliwa ni Farao na Herode. Siyo watu wa kuiga hao.

Siku waliyoishika kwa nguvu ni ya kufa. Shahidi wa imani alikumbukwa tarehe aliyouawa, nao wakaiita siku yake ya kuzaliwa, maana siku hiyo kazaliwa mbinguni. Kwa Bwana mwenyewe ndiyo hivyo hivyo: kabla ya kuwapo Noeli, yaani Krismasi, ilikuwapo Pasaka. Na mimi naona Noeli ilizaliwa na Pasaka, sikiliza ilivyokuwa.

Kwa Injili ya Yohane, Yesu alisulubiwa siku ya maandalio ya Pasaka, yaani 14 Nisani. Lakini Nisani ni mwezi wa Kiyahudi unaofuata mwandamo, na Mkristo wa Roma, au wa Karthago kule Afrika Kaskazini, alitumia kalenda ya jua. Akataka kujua: kwa kalenda yangu, Bwana alikufa tarehe ngapi? Huko Magharibi jibu lililoenea ni 25 Machi. Mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago analo tayari mwanzoni mwa karne ya 3. Mashariki, penye miezi ya majina mengine, wengine walifikia 6 Aprili.

Sasa kulikuwa na wazo la zamani, hata marabi, walimu wa Kiyahudi, wanalo, kwamba Mungu huwatimizia watakatifu wake miaka kamili bila kupungua siku. Talmudi, kitabu cha mafundisho yao, inasema Musa alikufa tarehe 7 ya mwezi wa Kiyahudi wa Adari, siku ileile aliyozaliwa. Wakristo wakalisogeza hatua moja: Bwana alianza maisha yake duniani siku alipotungwa mimba, si alipozaliwa. Kwa hiyo siku ya kufa na siku ya malaika Gabrieli ni moja. Mtakatifu Augustino anaeleza hivyo waziwazi mwanzoni mwa karne ya 5, katika kitabu chake juu ya Utatu: alitungwa mimba 25 Machi, tarehe aliyoteswa, akazaliwa 25 Desemba.

Chukua kalenda ya ukutani uhesabu, Mama, wewe umelea mimba unajua. Kutoka 25 Machi miezi tisa, unafika 25 Desemba. Kutoka 6 Aprili miezi tisa, unafika 6 Januari, tarehe ya Noeli ya Mashariki siku za kale, na Waarmenia wanaishika hadi leo. Tarehe mbili tofauti, mimba ya miezi tisa ileile. Hili ndilo lililonishawishi mimi. Na ile 25 Machi haijapotea: ndiyo sherehe yetu ya Kupashwa Habari.

Na jua je? Habari za jua si za kutunga. Kaisari Aurelian alilijengea Jua Lisiloshindwa hekalu jijini Roma mwaka 274, na katika kalenda ya Warumi 25 Desemba ndiyo iliyohesabiwa siku ya mgeuko, pale mchana unapoanza tena kurefuka. Ila uthibitisho wenyewe uko wapi? Kuna kitabu cha mwaka 354, kazi ya mwandishi hodari wa herufi aitwaye Furius Dionysius Filocalus, alichomwandikia Mkristo tajiri wa Roma. Ndani yake mna kalenda ya serikali, na penye 25 Desemba pameandikwa sikukuu ya Asiyeshindwa, yenye mashindano 30 ya magari ya farasi. Katika kitabu hichohicho mna orodha ya mashahidi, na mstari wake wa kwanza wasema 25 Desemba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Wataalamu wanaona orodha hiyo ilipangwa kufikia mwaka 336. Kwa hiyo maandishi ya kwanza yanayotaja jua na tarehe hiyo yamefungwa jalada moja na ya kwanza ya Noeli ya Roma. Anayesema kwa uhakika nani alimwiga nani anasema zaidi ya karatasi alizo nazo.

Sisemi jua halikugusa sikukuu yetu kabisa. Wahubiri walilipenda, wakamwita Kristo Jua la Haki kwa neno la nabii Malaki. Na waamini wengine walichanganya kweli: Papa Leo Mkuu, katikati ya karne ya 5, aliwakaripia katika hotuba ya Noeli watu waliopanda ngazi za Basilika ya Mtakatifu Petro, wakifika juu wakageuka kuliinamia jua linalochomoza ndipo waingie ibadani. Kijana wako angefurahi kukuta hilo. Amwangalie basi na aliyekaripia.

Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu Saturno, nayo hutajwa sana. Ilianza 17 Desemba ikaisha 23, haikufika 25. Na akikuletea habari za Nimrodi na mkewe Semirami, eti 25 Desemba ni siku ya kuzaliwa kwa Nimrodi, mwombe akuonyeshe Nimrodi alizaliwa lini na ni nani wa kale aliyeandika. Mwanzo sura ya 10 haimpi hata mke.

Hesabu mbovu nasi tunazo. Mwaka 386 Mtakatifu Yohane Krisostomo akihubiri Antiokia, mahali sikukuu hii ilikuwa haijafikisha miaka kumi tangu ijulikane, alisema Zakaria, mume wa Elisabeti, alikuwa kuhani mkuu ndani ya patakatifu pa patakatifu Siku ya Upatanisho. Akahesabu kutoka hapo hadi Desemba. Mtakatifu anisamehe, haisimami. Luka anasema Zakaria alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, akapata kura ya kufukiza uvumba tu. Na wanaotumia zamu hiyohiyo kuthibitisha kwamba Yesu alizaliwa Septemba wanakwama palepale: zamu zilikuwa 24, ya Abiya ni ya nane, kila moja juma moja, kwa hiyo kila zamu ilirudi mara mbili kwa mwaka. Utachagua ipi?

Akikuuliza mbona Waethiopia wanasherehekea 7 Januari, ni kalenda. Papa Gregori wa 13 alirekebisha ya zamani mwaka 1582, wao hawakufuata, na siku hizi tofauti ni siku 13.

Hakuna fundisho la Kanisa linalokulazimu kuamini Yesu alizaliwa 25 Desemba hasa. Tunaadhimisha kwamba alizaliwa. Kama dhamiri ya kijana inamkataza, msomee Warumi 14, mistari ya 5 na 6, ukae naye bila kugombana. Pilau mbakishie, bila shaka jioni atafunua sufuria mwenyewe.