Mwanangu, herufi Z si ya bure

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwenye simu kwa nini huko Lubumbashi mnafundishwa orodha mbili za magonjwa, CIM, ile ya kimataifa ya magonjwa (ICD kwa Kiingereza), na CISP, ile ya huduma za afya ya msingi (ICPC), na herufi Z ya CISP, ya shida za maisha, inatafuta nini katika masomo ya udaktari.

CIM ilianzia makaburini. Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893, ikihesabu sababu za vifo tu. Magonjwa ya walio hai yaliingizwa mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipotoa toleo la 6. Ni kazi kubwa, siidharau hata kidogo. Lakini inadai jina la ugonjwa, na anayeingia kituo cha afya huja na maneno yake.

Hilo lilinifika kituoni Kadutu, hapa Bukavu, hujaanza shule bado. Mama mmoja aliketi mbele yangu, kitenge kina matope hadi magotini. Akasema: "Usingizi umenikimbia, moyo unanidunda." Siku tatu kabla, mvua ilikuwa imeteremsha nyumba yake bondeni. Rejista ilikuwa na safu moja tu, ya ugonjwa. Nikaandika malaria, bila hata kumtoboa kidole, maana safu ile haikuruhusiwa kuachwa wazi. Mpaka leo mstari ule unaniuma.

Madaktari wa familia nao walikwama hapohapo. Orodha yao ya 1975 bado ilishikilia majina ya magonjwa. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, kikundi kikaanza kupanga kile kinachomtoa mtu nyumbani kuja kwa mganga. Wakaijaribu orodha hiyo Uholanzi, na mwaka 1987 Henk Lamberts na Maurice Wood wakaitoa kitabu, ndiyo hiyo CISP: sura 17, kila sura na herufi yake. Moyo kudunda ni K04. Kukosa usingizi, P06. Na nyumba, mwanangu, ni Z03.

Mama yule angeandikiwa mistari mitatu, yote ya kweli. Aliyesoma ripoti yetu ya mwezi ule angejua kwamba mlima unabomoka juu ya watu. Yeye alihesabu malaria.

Zisome zote mbili. Ila kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, anza na alichosema mgonjwa, kama alivyokisema, kabla hujamgusa.

Baba yako anakusalimu. Sambaza, samaki wetu wadogo, zimeanikwa, nitakutumia mtu akisafiri.

Mama yako, Bukavu