Kabla Hujaficha Paa, Hesabu Upenu

Msomaji wa Kigamboni, Dar es Salaam, amejenga nyumba hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na fundi anamshawishi aache paa la kawaida lililo kwenye ramani, wainue ukuta na kuficha bati nyuma yake ili nyumba "ionekane ya kisasa". Anauliza itamgharimu kiasi gani. Gharama ya siku ya kuezeka ndiyo ndogo. Kubwa zinakuja baada ya kuhamia.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 13. Ukuta wa kuficha paa wenye kimo cha mita 1 utazunguka mita 46: matofali ya inchi 6 karibu 400, plasta pande zote mbili mita za mraba 92, na rangi isiyodumu kwa sababu ukuta huo unanyeshewa mbele na nyuma. Upenu, yaani ukingo wa paa la kawaida unaotokeza nje ya ukuta, wa sentimita 75 kuzunguka nyumba hiyohiyo unahitaji bati la ziada la mita za mraba 40 hivi, kwa mteremko wa nyuzi 22. Hapo hatujataja mbao za kenchi zinazobeba bati, nazo zihesabu. Ila bati hilo litakulipa.

Tofali la saruji hunywa joto mchana na kulitema usiku, wakati umelala; upenu hulitilia kivuli. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la saa sita mchana hukaa kaskazini, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, na Desemba hukaa kusini, kama nyuzi 73. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini hufunikwa lote na kivuli cha upenu wa sentimita 70, kama upenu huo umeanzia usawa wa juu wa dirisha. Ukiuinua sentimita 30, ongeza 17 za urefu. Kusini, 40 zinatosha. Mashariki na magharibi usijidanganye: jua la asubuhi na jioni linapita chini ya upenu wowote. Huko weka stoo, choo au kibaraza, na madirisha machache.

Sasa uvujaji. Paa lililofichwa huwa na mteremko mdogo, na maji yake yote huishia kwenye mfereji wa zege ulio ndani ya ukuta. Majani yakiziba tundu moja la kutolea maji, maji hupanda hadi juu ya ncha ya bati, hurudi nyuma na kushukia kwenye dari la jipsamu. Fundi ataitwa apake dawa kwenye bati, ambalo halina kosa lolote.

Ukishikilia kuficha, dai matundu mawili kila upande, na bomba la dharura linalotoboa ukuta juu kidogo ya sakafu ya mfereji lakini chini ya ncha ya bati. Dawa ya kuzuia maji ipande ukutani sentimita 20 au zaidi. Kichwa cha ukuta kivishwe bati lenye mteremko wa kuingia ndani. Kisha ziba matundu yote, jaza mfereji maji hadi chini kidogo ya ncha ya bati, uache saa 24 kabla dari halijafungwa. Fundi akikwepa jaribio hili, usimlipe awamu ya mwisho.

Upenu pia unavuna. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Dar hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo zile mita za mraba 37 ambazo upenu unaongeza, zikipimwa kwa usawa wa ardhi, hukusanya lita 29,000 hivi hata ukitoa asilimia 20 inayopotea. Gata lishuke sentimita 1 kila mita. Kabla ya tangi, simamisha bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 3, lililozibwa chini kwa kizibo cha kufungulia: linashika lita 50 na zaidi za maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Lifungulie kila mvua ikikatika, la sivyo mvua inayofuata itapeleka uchafu wote tangini.