Ukurasa wa ruta ya ofisi haufunguki? Weka hiyo pini chini kwanza

Pole mkuu. Nimekuelewa hivi: laptopu imeshika Wi-Fi ya ofisi, intaneti inakwenda vizuri, ila ukiandika 192.168.1.1 (anwani ya kufungulia ukurasa wa mipangilio ya ruta) kwenye brauza inazunguka weee mpaka inakwambia ukurasa haupatikani. Bosi anataka nywila ibadilishwe kwa sababu kijana aliyeacha kazi bado anakula Wi-Fi yenu akiwa kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Na mdau hapo juu amekushauri utafute pini, ubonyeze kitundu cha riseti kinachorudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, yaishe.

Hiyo pini iweke chini kwanza. Mimi nilishabonyeza.

Nilikuwa naangalia kompyuta za ofisi moja ya wakala wa forodha, katikati ya Dar. Watu sita, printa mbili, na kazi yao yote iko mtandaoni: hati isipoingia kwenye mfumo wa forodha, kontena halitoki bandarini, na kila siku inayopita gharama inapanda. Nikaitwa kwa shida kama hii yako. Ukutani karibu na dirisha kulikuwa na kisanduku cheupe chenye ule waya mwembamba wa faiba. Nikasema ruta ndiyo hii. 192.168.1.1 haifunguki, 192.168.0.1 haifunguki. Nikanyoosha klipu ya karatasi, nikabonyeza, nikahesabu mpaka 15.

Taa zikazimika, zikarudi. Ya PON ikatulia kijani, maana mwanga wa faiba ulikuwa unafika. Ya intaneti ndiyo haikuwaka tena. Kumbe ndani ya kile kisanduku kulikuwa na jina na nywila ya PPPoE (ndivyo kisanduku hujitambulisha navyo kwa mtoa huduma ili kipewe intaneti), ambavyo fundi wa mtoa huduma aliviingiza siku ya kufunga na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuviona. Tukapiga simu huduma kwa wateja, wanamtaka aliyesajili akaunti. Aliyesajili ni mbia aliyekwishajitoa. Siku mbili makarani walifanya kazi kwa bando za simu zao, na kila aliyepita karibu yangu alinisalimia kwa heshima ya kupita kiasi.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Baada ya riseti yangu, Wi-Fi ya ofisi ilikuwa bado inaonekana kwa jina lilelile, na nywila ileile inaingia! Nimekata intaneti ya ofisi nzima, na nilichotumwa kubadilisha sijakigusa. Wi-Fi ilikuwa inatoka kwenye kisanduku kingine, cheusi, chenye antena mbili, kimewekwa juu ya kabati la mafaili nyuma ya maboksi ya risiti.

Kwa hiyo swali lako la kwanza si "anwani ni ipi". Ni "kisanduku kipi kinatoa Wi-Fi, na kipi kinagawa anwani", yaani zile namba ambazo kila kifaa hupewa kwenye mtandao. Ofisi nyingi zetu hivi ni vitu viwili tofauti, kwa sababu cha mtoa huduma hakifiki chumba cha nyuma, basi mtu ananunua kingine Kariakoo na kukichomeka humohumo.

Kujua Wi-Fi inatoka wapi ni rahisi. Waage wenzako, chomoa umeme wa kisanduku kimoja, kisha angalia kwenye simu kama jina la Wi-Fi linapotea. Likipotea, umekipata. Kuchomoa umeme hakufuti kitu, tofauti na riseti.

Kujua nani anagawa anwani, kwenye Windows fungua ile dirisha nyeusi ya cmd, andika ipconfig, tafuta mstari wa Default Gateway. Kwenye Android bonyeza jina la Wi-Fi uliyounganishwa, shuka chini kwenye maelezo yake, nyingi zinaonyesha. Hiyo namba ndiyo ya kuandika kwenye brauza, siyo uliyoisoma mtandaoni. Kila kampuni ina yake: ruta za faiba nyingi ni 192.168.100.1 au 192.168.1.1, zile za laini ya simu mara nyingi 192.168.8.1, MikroTik inatoka kiwandani na 192.168.88.1. Ukiona laptopu yenyewe imejipa anwani inayoanza na 169.254, basi hakuna aliyeipa anwani. Anza na waya na DHCP (ile huduma ya ruta inayogawa anwani), ukurasa utakuja baadaye.

Ukishapata namba, bado brauza inaweza kukuchezea. Andika http:// mwanzoni, kwa sababu brauza za siku hizi zinapenda kukupeleka kwenye utafutaji au kulazimisha https, na ruta nyingi za zamani hazina https kabisa. Kama ruta inatumia https, utaonyeshwa onyo kubwa kwamba tovuti si salama; kwa kisanduku kilicho mbele yako mezani, kwa anwani uliyoihakiki, endelea tu. Zima VPN. Kama unatumia simu, zima data, la sivyo simu inaweza kukupitisha kwenye laini badala ya Wi-Fi. Na hakikisha hujaunganishwa kwenye ile Wi-Fi ya wageni, maana imetengenezwa makusudi isifike kwenye ukurasa wa ruta. Halafu, msinicheke, niliwahi kupoteza nusu saa na sekretari aliyekuwa anaandika herufi O badala ya sifuri. Kwa macho huoni tofauti.

Sasa nadhani shida yako iko hapa. Ukiweka namba ya Default Gateway na ukurasa ukafunguka, usikimbilie kubadilisha nywila. Nenda kwenye sehemu ya Wi-Fi, soma jina lililoandikwa pale. Kama si jina mnalotumia ofisini, uko kwenye nyumba ya jirani. Mnayotumia inatoka kwenye kisanduku cha pili, ambacho fundi alikizima DHCP na kukiunganisha kwa waya kutoka poti ya LAN (tundu la waya la kuchomekea kompyuta) kwenda poti ya LAN. Kinapitisha tu. Lakini chenyewe bado kina anwani yake, mara nyingi ileile iliyoandikwa kwenye stika ya chini, na haiko kwenye mtaa mmoja na laptopu yako, yaani namba tatu za mwanzo za anwani hazifanani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kile cheusi. Laptopu yangu ilikuwa na anwani 192.168.100.14, stika inasema 192.168.0.1. Hata ungeandika mara mia, haifiki. Nilichofanya: nikazima Wi-Fi ya laptopu, nikachomeka waya moja kwa moja kwenye poti ya LAN ya kile cheusi, nikaingia kwenye mipangilio ya IPv4 ya kadi ya waya, nikaipa anwani kwa mkono 192.168.0.50, mask 255.255.255.0, sehemu ya gateway nikaiacha tupu. Nikaandika http://192.168.0.1 na ukurasa ukafunguka papo hapo, kana kwamba ulikuwa unanisubiri. Ukimaliza kumbuka kurudisha laptopu kwenye kupokea anwani yenyewe, la sivyo kesho utaniandikia tena kwamba intaneti imegoma.

Kama fundi alitumia ile hali ya access point (kisanduku kinatoa Wi-Fi tu, hakigawi anwani) iliyomo kwenye menyu, hapo kisanduku huwa kinaomba anwani kutoka kwa ruta kubwa. Ingia kwenye ruta kubwa, fungua orodha ya vifaa vilivyopewa anwani, kitafute kwa kulinganisha MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) iliyoandikwa kwenye stika.

Ukurasa ukifunguka na ukakwama kwenye nywila ya admin, soma stika kwanza, kisha jaribu ile nywila ya Wi-Fi yenyewe, kwa sababu mafundi wavivu (nami nimo) huweka moja kwa vyote viwili. Usibahatishe sana. Ruta nyingi zikikosewa mara kadhaa zinakufungia, unasubiri. Mtafute fundi aliyefunga, hata kama mliachana vibaya. Soda moja ni nafuu kuliko siku mbili.

Ikishindikana kabisa, hapo riseti inaruhusiwa, ila kwa kisanduku cha pili tu, kile ambacho hakijabeba PPPoE ya mtoa huduma. Na kabla hujabonyeza, chomoa waya unaokiunganisha na ruta kubwa. Hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Ukikiriseti, DHCP yake inawaka tena. Kikiwa bado kwenye waya kitaanza kugawa anwani kikijitangaza chenyewe kuwa ndiyo njia ya kutokea, na wakati hakina intaneti. Utaona nusu ya ofisi inafanya kazi na nusu haifanyi, inabadilika kila mtu akiwasha kompyuta upya, na utaapa kuna jini. Kwa hiyo: chomoa, riseti, ingia, weka jina na nywila mpya, zima DHCP, ipe anwani iliyo mtaa mmoja na ruta kubwa na ambayo haigawiwi mtu mwingine, ndipo urudishe waya.

Ukiwa ndani, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi), weka ulinzi wa Wi-Fi uwe WPA2 au WPA3, badilisha na nywila ya admin iwe tofauti na ya Wi-Fi. Kama menyu ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, ihifadhi. Na waambie watu mapema: nywila ikibadilika, printa na kamera zinazotumia Wi-Fi zitadondoka zote, na atakayelaumiwa ni wewe. Nywila ziandike kwenye karatasi, mpe mhasibu aifungie na vitabu vya hundi.

Niwekee hapa ipconfig inasema nini, na piga picha stika za visanduku vyote mnavyo, sehemu ya nywila uifunike kwa kidole. Leo niko site mpaka saa kumi na moja, nikirudi nitaangalia.